Kopo la bamia: chimbuko la Can, bendi ya Köln, na alama iliyoacha kwenye muziki wa dunia

#1 Sikio la Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna santuri ya mwaka 1972 ambayo jaladani mwake hakuna sura ya mwanamuziki hata mmoja. Kuna kopo la bamia. Bamia hizi hizi tunazoshushia ugali, na juu yake maandishi ya Kituruki: Ege Bamyasi, yaani bamia za Aegean, ule ukanda wa bahari magharibi mwa Uturuki. Neno lao na letu yametoka ghala moja la Kiarabu. Siku ya kwanza kuliona jalada lile nililisoma bila kamusi, nikajisikia kama aliyekutana na jirani yake ugenini.

Bendi inaitwa Can. Kwa Kiingereza ni kopo. Kwa Kituruki herufi hizo hizo ni roho, uhai. Ni watu wa Köln, mji ambao wengi wetu tumezoea kuuandika Cologne. Nimewasikiliza miaka mingi sasa, na kila wanapotajwa humu jukwaani huishia sentensi moja: wale Wajerumani wa majaribio. Leo nataka niwatendee haki. Nitashusha kwa vipande, tuvumiliane.

Tuanze na umri. Bendi nyingi za roki za wakati ule zilianzishwa na vijana waliojifunzia gitaa chumbani kwao. Hawa walipokutana Juni 1968, nyumbani kwa Irmin Schmidt pale Köln, watatu kati yao walikuwa wameshatimiza miaka 30 na wameshasoma muziki hadi ukawachosha.

Schmidt, mpiga kinanda, alizaliwa Berlin 1937 na alisomea kuongoza okestra. Akiwa mwanafunzi wa sekondari aliandika kwenye gazeti la shule kuhusu walimu waliokuwa Wanazi, akafukuzwa. Holger Czukay, mpiga besi, alizaliwa 1938 katika mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk ya Poland. Vita ilipokaribia kwisha familia yake ikawa wakimbizi. Ujanani alifanya kazi kwa fundi wa redio. Likumbukeni hilo, tutalirudia. Yeye na Schmidt wote walipita mikononi mwa Karlheinz Stockhausen, mtunzi aliyekuwa kinara wa muziki wa elektroniki katika studio ya redio ya WDR, hapo hapo Köln.

Sasa itazameni nchi waliyokulia. Köln ilipigwa mabomu hadi katikati ya mji pakawa kifusi, kanisa kuu limesimama peke yake. Miaka 20 baadaye majengo yameinuka tena, lakini walimu, mahakimu na wakubwa wengi wa ofisi ni wale wale wa enzi za Hitler, na mezani hakuna anayeligusa jambo hilo. Redioni kuna nyimbo laini za mapenzi na likizo wanazoziita Schlager. Kumbi za vijana zimejaa bendi zinazoiga Waingereza na Wamarekani noti kwa noti. Kijana anayetaka kupiga muziki wake mwenyewe hana pa kushika: cha baba kimechafuka, na cha jirani si chake.

Wengi walijaribu kuchagua kimojawapo. Can walishuka chini zaidi, wakaanzia kwenye pigo.

#2 Binti Mrima

Nimepiga kambi hapa. Ila mkuu, hilo kopo la Kituruki lilifikaje Köln? Usipite kimya.

#3 Sikio la Usiku

Dada, swali zuri. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuleta wafanyakazi, kwa sababu viwanda vilikuwa na njaa ya mikono. Wale watu walikuja na chakula chao, na wakafungua maduka yao. Köln ikawa mmoja wa miji yenye Waturuki wengi sana nchini humo hadi leo. Kwa hiyo bamia za kopo zilikuwa kitu cha kawaida mtaani, ingawa Mjerumani wa kawaida hakuzijua. Kuziweka mbele ya santuri ni kusema: mji wetu sasa ni huu.

Niendelee na aliye moyo wa uzi huu, Jaki Liebezeit, mpiga dramu. Alitoka kwenye jazi. Aliwahi kuishi Barcelona akapiga na Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, kisha akarudi Ujerumani kwenye kundi la Manfred Schoof lililopiga jazi huru, ile isiyo na mdundo wa kushika wala wimbo wa kufuata. Akachoka nayo. Alivyoeleza yeye, jazi ile ilijiita huru lakini ilikuwa na mwiko mmoja mkubwa: usirudie. Akasimulia pia kwamba msikilizaji mmoja alimfuata baada ya onyesho akamwambia anapaswa kupiga bila kubadilibadilisha. Mwingine angeudhika. Liebezeit aliyachukua maneno yale akaishi nayo mpaka alipofariki Januari 2017.

Schmidt naye alikuwa amepata somo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1966 alikwenda New York kwa mashindano ya waongoza okestra, akakutana na kina Terry Riley na Steve Reich, waliokuwa wakijenga muziki kwa kipande kidogo kinachorudiwa na kugeuka polepole. Alirudi nyumbani kichwa kimegeuka.

Na Czukay? Yeye alikuwa akifundisha Uswisi. Mwanafunzi wake mmoja, Michael Karoli, mpiga gitaa, mdogo kwake kwa miaka 10, akamwekea wimbo wa Beatles uitwao I Am the Walrus. Mwalimu akasikia redio, kelele na okestra vimekaa pamoja ndani ya wimbo wa vijana. Toka siku hiyo mwanafunzi akawa mwenzake, na alipohitaji mpiga gitaa hakutafuta mbali.

#4 Fundi Besi

Shukrani mleta uzi. Mimi ni mtu wa studio, nasikia siku zote kwamba santuri zao za mwanzo zilirekodiwa kwa treki mbili tu, yaani njia mbili tu za sauti kwenye mkanda. Ni kweli? Maana zikisikika vizuri kwenye spika kubwa siamini masikio yangu.

#5 Sikio la Usiku

Ni kweli, Fundi. Studio yao ya kwanza ilikuwa ndani ya kasri, Schloss Nörvenich, kusini magharibi mwa Köln. Kasri lilikuwa mikononi mwa mkusanya sanaa aliyewapa nafasi wakae na kupiga. Czukay alipiga besi huku akiangalia mashine. Walikuwa na mashine za mkanda za treki mbili na maikrofoni chache. Wote watano chumba kimoja, mkanda unazunguka.

Hawakuwa wakiandika nyimbo. Waliingia, mmoja akashika kitu, wengine wakamfuata, wakakaa na kitu hicho saa kadhaa. Kisha Czukay alichukua wembe, akakata mkanda, akaunga. Yoo Doo Right, wimbo unaojaza upande mzima wa santuri yao ya kwanza, Monster Movie ya 1969, una dakika 20, na hizo 20 zimechotwa kwenye kikao cha saa nyingi. Toleo la kwanza la santuri ile lilikuwa nakala 500 tu, wakazitoa wenyewe kabla kampuni kubwa haijaichukua.

Wapo wanaosema Can ni bendi ya kupiga papo kwa papo. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wembe. Kule chumbani waliachia, mezani wakachagua. Czukay alikuwa mkali mno kwenye kuchagua, na ndiyo maana muziki ule haukuzeeka kama nyimbo nyingi ndefu za miaka ile, ambazo leo hutamani ziishe.

#6 Fundi Besi

Ngoja niwaeleze wasiofanya kazi hii maana yake. Ukiwa na treki mbili huwezi kusema gitaa tutalipunguza kesho. Gitaa na dramu vimeshalala kwenye mkanda mmoja kama sukari kwenye chai. Kwa hiyo usawa wa sauti unafanywa na wapigaji wenyewe, hapo hapo, kwa mikono. Anayepiga sana anawaua wenzake, na hakuna dawa. Bendi inayotoa sauti safi kwa namna hiyo ni bendi ambayo kila mtu anamsikiliza mwenzake kuliko anavyojisikiliza. Nimefanya kazi na wapigaji wazuri sana ambao hawawezi hilo.

#7 Mkono wa Ngoma

Naunga mkono hoja ya Fundi. Na huyo Czukay, mimi kama mpiga ngoma, namheshimu kwa noti alizoziacha. Besi yake mara nyingi ni noti mbili tatu, anakaa nazo. Kwenye jukwaa alivaa glavu nyeupe akipiga. Mpiga besi wa kawaida hawezi kuvumilia kufanya kidogo kiasi kile.

#8 Sikio la Usiku

Sasa waimbaji. Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito, na wote wawili walikuwa wageni.

Wa kwanza ni Malcolm Mooney, Mmarekani mweusi, mchongaji wa sanamu. Hakuja kuimba. Alikuwa safarini, akafikia kwa kina Schmidt kupitia Hildegard, mke wa Irmin, mama ambaye baadaye alikuwa meneja wa bendi na ndiye aliyelinda kazi yao isipotee. Mooney akaingia chumbani, akashika maikrofoni, na sauti yake ikakaa juu ya dramu za Liebezeit kama mkono kwenye glavu. Jina Can ni pendekezo lake. Wenzake wamesema wazi kwamba yeye ndiye aliyewatoa kwenye akili ya wasomi wanaocheza roki akawafanya bendi. Maneno ya Yoo Doo Right yametoka kwenye barua aliyoandikiwa na mpenzi wake kutoka Marekani. Anasoma, anarudia, anarudia, mpaka barua inakuwa kisomo.

Lakini afya yake ya akili ikayumba. Kuna siku, kwenye maonyesho ya sanaa hapo kasrini, alibaki akirudia maneno yale yale ya kupanda na kushuka ngazi kwa saa nzima na zaidi, huku watu wakipanda na kushuka mbele yake. Daktari akashauri arudi kwao. Mwishoni mwa 1969 akaondoka. Sipendi namna baadhi ya waandishi wanavyoisimulia siku ile kama kioja. Alikuwa kijana mgonjwa, mbali na nyumbani, na rafiki zake walifanya jambo sahihi kumwacha aende.

Wa pili ni Damo Suzuki, Mjapani, kijana wa miaka 20, aliyekuwa akizunguka Ulaya akiimba barabarani. Mei 1970 Can walikuwa Munich, wana onyesho jioni na hawana mwimbaji. Czukay na Liebezeit wamekaa mgahawani, wanamwona kijana barabarani akiimba na kulilia jua. Czukay akamwendea, akamwomba aimbe nao jioni hiyo. Mazoezi? Hakuna. Akapanda jukwaani usiku ule ule.

Damo aliimba Kiingereza, Kijapani, na maneno ambayo si ya lugha yoyote. Alitumia sauti kama ala. Ananong'ona dakika tano, halafu anapasuka. Alifariki Februari 2024, na mpaka karibu na mwisho, pamoja na saratani, alikuwa akizunguka dunia akiimba na wanamuziki wa kila mji aliofika, bila mazoezi, kama usiku ule wa Munich.

#9 Binti Mrima

Hiyo ya barua imenikaa moyoni. Endelea kaka, tuko pamoja.

#10 Sikio la Usiku

Tago Mago ilitoka 1971, santuri mbili kwa pamoja, jina limetokana na kisiwa kidogo karibu na Ibiza. Czukay alikuwa ameanza kuacha mkanda uzunguke hata pale wenzake walipodhani wamepumzika, na baadhi ya vipande hivyo vimeingia ndani. Kuna wimbo humo, Halleluhwah, dakika 18 na nusu. Dramu inaanza, na toka hapo hadi mwisho Liebezeit haachi. Juu yake kila kitu kinakuja na kuondoka: gitaa, kinanda, fidla, kelele za mkanda. Damo anafika mahali anataja majina ya nyimbo nyingine za santuri hiyo hiyo, kama mtu anayeita mahudhurio.

Pana watu wanasema Liebezeit alipiga kama mashine. Nadhani wamekosea mahali muhimu. Sikilizeni mkono wa kushoto. Kila mzunguko kuna pigo dogo limesogea, limelegezwa, limebanwa. Mzunguko ni ule ule na si ule ule. Ndiyo tofauti yake na Klaus Dinger wa bendi ya Neu! ya Düsseldorf, ambaye pigo lake linakwenda mbele moja kwa moja kama gari kwenye barabara kuu. La Liebezeit linazunguka kama watu kwenye duara la ngoma.

Desemba 1971 wakahamia Weilerswist, kijiji nje ya Köln, ndani ya jengo la sinema lililokuwa limefungwa. Wakafunika kuta kwa magodoro ya jeshi, 1,500, ili kuua mwangwi. Studio ile ikaitwa Inner Space kama ya kasrini, na leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya roki na pop la Gronau.

Wakati huo huo wimbo wao mfupi, Spoon, ukawa wimbo wa kufungulia tamthilia ya upelelezi kwenye televisheni ya Ujerumani. Ulifika namba 6 na kuuza nakala kama 300,000. Ndani yake kuna mashine ya mapigo inayocheza sambamba na dramu ya Liebezeit, jambo ambalo mwaka 1971 lilikuwa bado geni. Walishukuru kwa kufanya onyesho la bure kwenye ukumbi wa michezo wa Köln Februari 1972, watu maelfu wakafurika.

Santuri ya bamia ikaja mwaka huo huo, na nusura isiwahi. Schmidt na Damo walikuwa wamezama kwenye mchezo wa chesi mchana na usiku, wenzao wanangoja. Muda ukaisha, nyimbo hazitoshi, ndipo Spoon ikaongezwa kujaza. Na bado, kwangu mimi, hiyo ndiyo santuri yao bora: nyimbo fupi, kavu, hakuna hata pigo la ziada. Wimbo mmoja wa humo, Vitamin C, peke yake unatosha kufundishia mpiga dramu mwaka mzima.

Future Days ya 1973 ni bahari tulivu. Baada yake Damo akaoa, akaingia Mashahidi wa Yehova, akaacha bendi. Hawakupata mwimbaji mwingine wa kudumu. Karoli na Schmidt wakagawana kuimba. Miaka iliyofuata ina vitu vizuri, lakini nitaipita haraka. Walipopata mashine ya treki nyingi, kila mmoja akaanza kurekodi sehemu yake peke yake, na lile jambo alilolieleza Fundi hapo juu likapotea. Wenyewe walikuja kulisema hilo.

#11 Mkono wa Ngoma

Mkuu, naomba nitie neno gumu kidogo. Tumewasifu sana. Hawa jamaa walikuwa na mfululizo wa vipande wakavipa namba, wakauita kwa jina lenye maana ya kughushi muziki wa makabila. Wanaiga muziki wa Asia, wa Afrika, wa Amerika. Czukay huyo huyo kwenye Canaxis, santuri yake ya 1969 nje ya bendi, alichukua sauti za waimbaji wa Vietnam kwenye rekodi, akazizungusha ndani ya kazi yake. Na hilo pigo la Liebezeit tunalolisifia, duara lile, sisi tunalijua limetoka wapi. Nani alilipwa?

#12 Sikio la Usiku

Umenena, na sitalikwepa. Liebezeit hakuwahi kuficha. Alisema alisoma midundo ya Afrika, Cuba, India na Uturuki. Na kuuita mfululizo wenyewe kughushi kulikuwa namna ya kukiri: hatujifanyi wenyeji, tunaiga. Kwa mwaka ule, wengi waliiga bila kukiri lolote. Lakini nakubali kwamba kukiri si sawa na kulipa. Wale wanawake wa Vietnam sauti zao ndizo uzuri wote wa Canaxis.

La kuongeza ni kwamba mwaka 1977 waliingiza watu wawili waliotoka bendi ya Uingereza ya Traffic: Rosko Gee, Mjamaika, kwenye besi, na Rebop Kwaku Baah, Mghana, kwenye tumba. Gee ndiye aliyemtoa Czukay kwenye besi, kwa heshima, kwa sababu alikuwa mpigaji bora zaidi na Czukay alilijua hilo.

#13 Mkono wa Ngoma

Nimekuelewa, na nashukuru hukuniruka. Ila Rebop aliitwa bendi imeshachoka. Angeitwa 1970 tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Naliacha hapo.

#14 Mzee wa Masafa

Vijana, nimesoma wote kimya kimya tangu mwanzo. Mleta uzi, ulisema habari ya fundi redio utairudia. Naisubiri.

#15 Sikio la Usiku

Shikamoo Mzee. Naileta sasa hivi.

Czukay alipoachia besi 1977 hakushika ala nyingine. Alipanda jukwaani na redio ya masafa mafupi. Akawa anazungusha kitufe bendi ikipiga, anakamata kituo, sauti ya mtu, wimbo wa mbali, miluzi ile ya kati ya stesheni, anaingiza ndani ya muziki. Wenzake hawakuipenda sana, na haikuchukua muda akaondoka. Lakini peke yake, 1979, akatoa santuri iitwayo Movies, na humo kuna Persian Love: waimbaji wa Iran aliowanasa hewani kwa redio ile, amewafumia gitaa na besi pembeni. Hakuwa na kompyuta. Alikata mkanda kwa mkono hadi sauti za watu asiowajua zikaonekana kana kwamba walikuwa chumbani pamoja naye.

#16 Mzee wa Masafa

Marahaba mwanangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliandika. Mwaka huo 1977 nilikuwa kijana Tabora. Jioni baba alitoa redio nje, antena ameifunga kwa waya hadi kwenye mwembe, tunatafuta Sauti ya Ujerumani, idhaa ya Kiswahili. Ilikuwepo hewani tangu 1963. Ulitega sikio, sauti inakuja inarudi, unasogeza kitufe kwa ncha ya kidole, kidogo tu, kidogo tena. Ukikosea unaangukia Kiarabu au muziki wa ajabu. Mtangazaji alikuwa anajitambulisha kutoka wapi? Kutoka Köln. Deutsche Welle ilikaa Köln mpaka 2003 ndipo ikahamia Bonn. Baadaye nilielezwa kwamba kulikuwa na mtambo Kigali uliokuwa unaturushia, ndiyo maana siku nyingine ilisikika kama jirani.

Kwa hiyo sisi Tabora tulikuwa tunazungusha kitufe kuitafuta Köln, na kumbe Köln kuna mtu anazungusha kitufe kututafuta sisi, au yeyote aliyeko upande wa pili. Nimekaa na jambo hili tangu nisome ujumbe wako. Ile miluzi kati ya stesheni mimi naijua. Sikuwahi kuwaza kwamba ni muziki, ila sikuwahi kuisahau.

#17 Binti Mrima

Mzee, Mungu akupe maisha marefu. Nilikuwa sijui kabisa habari ya Köln na idhaa.

#18 Fundi Besi

Tumalizie na alama waliyoacha. Mimi naanza na mezani. Kikao kirefu, unachota dakika bora, unaunga: leo kila prodyuza wa hip hop na muziki wa dansi anafanya kazi hivyo kwenye kompyuta. Ila tuwe waadilifu, prodyuza Teo Macero alikuwa akifanya hivyo hivyo na mikanda ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, kwenye santuri za In a Silent Way 1969 na Bitches Brew 1970. Ni watu wawili wamefika kwenye kisima kimoja kwa njia tofauti.

#19 Sikio la Usiku

Sahihi kabisa, Fundi.

Mimi niseme walivyosambaa. Waingereza waliwapokea mapema, ingawa ndio hao hao waliowabandika jina Krautrock, na kraut ni kabichi, jina la dharau walilowaita askari wa Kijerumani vitani. Wanamuziki wengi wa Kijerumani hawakulipenda, nami nalitumia kwa shida. Baada ya vumbi la punk kutulia, vijana wa Uingereza waliokuwa wamechoka na gitaa la majigambo walikuta kwa Can njia nyingine: pigo na besi mbele, vingine vyote nyuma. Mark E. Smith wa bendi ya The Fall alitunga wimbo mzima akijiita Damo Suzuki, 1985. Jah Wobble, mpiga besi aliyetoka Public Image Ltd, alikwenda kurekodi na Czukay na Liebezeit wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na hili wengi hawalijui: santuri ya kwanza kabisa ya Eurythmics, ya 1981, ilirekodiwa karibu na Köln kwenye studio ya Conny Plank, na Czukay na Liebezeit wamo.

Radiohead wamepiga wimbo wao jukwaani. Kuna bendi ya Texas inajiita Spoon kwa sababu ya ule wimbo wa televisheni. Kanye West 2007 alijenga Drunk and Hot Girls juu ya Sing Swan Song ya kwenye santuri ya bamia. Sijaupenda, lakini uliwapeleka kwa watu wasiowajua. Kundi la hip hop la A Tribe Called Quest kwenye santuri yao ya mwisho, 2016, wamo na kipande cha Halleluhwah. Hicho nilikisikia nikiwa barabarani na ilibidi nisimame.

Karoli alifariki 2001. Mwaka 2017 ukachukua wawili: Liebezeit Januari, na Septemba Czukay, aliyekutwa amefariki ndani ya lile jengo la sinema la Weilerswist alilokuwa akiishi. Schmidt yupo bado.

#20 Binti Mrima

Sisi wageni tuanzie wapi?

#21 Sikio la Usiku

Anza na Ege Bamyasi, dada, yote, ni dakika 40 tu. Kisha Halleluhwah kwa vipokea sauti, usiku, usifanye kazi nyingine. Future Days iache mpaka siku ya mvua.

#22 Mkono wa Ngoma

Nimetoka kuisikiliza Halleluhwah sasa hivi na vijiti mkononi, nikijaribu kumfuata kwenye mto wa kochi. Dakika ya tano nilidhani nimemshika. Dakika ya tisa mkono wa kushoto ukanichanganya, nikarudisha mwanzo. Narudi tena kesho.